Kidagaa Kwenye Rununu, Liyongo Kwenye Kiwambo: Kitabu cha Kielektroniki na Msomaji wa Garsen

Kwa muda sasa walimu wa Fasihi wamekuwa wakiulizana, katika warsha na katika vyumba vya walimu, ni kwa nini kitabu cha kielektroniki hakijashika mizizi katika shule zetu za upili ilhali simu za mkononi zimezagaa kila mahali. Swali hili hujibiwa haraka mno. Watu hutaja umaskini, umeme na mtandao, kisha mazungumzo huishia hapo. Makala haya hayapingi sababu hizo. Yanadai tu kwamba hazitoshi, na kwamba mhakiki wa fasihi ana neno lake ambalo fundi wa mitambo hawezi kulisema kwa niaba yake: baadhi ya tungo zetu hukubali kusomwa kwenye kiwambo na nyingine hukataa, na sababu imo katika umbo la tungo zenyewe. Mfano wetu ni Garsen na delta ya Mto Tana. Matini tutakazozirejelea ni mbili, na zote mwalimu anazifahamu: riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora (2012), iliyopata kuwa kitabu teule cha KCSE, na Utendi wa Fumo Liyongo wa Muhamadi Kijumwa wa Lamu (1913).

Ikiwa kuna mahali nchini Kenya ambapo kitabu cha karatasi kina adui wa wazi, ni katika delta hii. Mto hufurika. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yangali yakisimuliwa. Yale ya 2018 yaliwahamisha maelfu ya watu katika kaunti. Na mnamo Novemba 2023 maji yaliikata barabara ya kutoka Garsen kwenda Lamu. Familia inayohamia kwenye mwinuko kwa mtumbwi huchukua watoto, godoro na sufuria. Riwaya haimo katika hesabu hiyo. Hata ile iliyookolewa, ikishalowa maji yenye matope, kurasa zake hugandana na jalada hubanduka, na mwanafunzi hurudi shuleni akiwa na nusu ya msuko. Simu nayo hutiwa kifuani ikafika salama. Kwa hoja ya maji pekee, kitabu cha kielektroniki kingepaswa kupokewa Garsen kabla ya kupokewa Nairobi.

Mambo hayakuwa hivyo. Amazon walitoa kisomeo chao cha Kindle mwaka 2007, na baada ya miaka michache shirika la Worldreader likavileta visomeo vya aina hiyo katika baadhi ya shule za Kenya, za Kilgoris zikiwa miongoni mwa zile za mwanzo. Kampuni ya eKitabu ilianzishwa Nairobi mwaka 2012 na kuanza kuuza matoleo ya kielektroniki ya wachapishaji wetu. Mpango wa serikali ulioanza 2016 uliwapa tableti wanafunzi wa madarasa ya chini ya shule za msingi. Ukitazama orodha hiyo utaona kwamba mtahiniwa wa shule ya upili alirukwa. Yeye yuko katika shule ya bweni ambako kumiliki simu ni kosa la kuitiwa mzazi. Kitabu cha kielektroniki hukutana naye wakati wa likizo tu, kwenye simu ya mama au ya kaka, usiku, baada ya mwenye simu kumaliza shughuli zake na kabla ya chaji kwisha. Hayo ndiyo mazingira halisi ya usomaji tunaouzungumzia. Msomaji huyu hana kisomeo. Ana dakika arobaini na simu ya kuazima.

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, dakika hizo arobaini ziligeuka kuwa miezi. Wakati huo ndipo mafaili yalipoanza kutumwa kwa wingi kwa WhatsApp, kutoka kwa mwalimu hadi kwa mzazi, kutoka kwa mzazi hadi kwa kikundi cha wazazi. Lakini tujiulize kilichotumwa kilikuwa nini. Mara chache sana kilikuwa riwaya. Kilikuwa mwongozo: muhtasari wa sura, orodha ya maudhui, sifa za wahusika zilizopangwa kwa nambari, mbinu za lugha pamoja na mfano mmoja mmoja. Kwa hivyo, mtu anaposema kwamba kitabu cha kielektroniki kimechelewa kufika Garsen, anasema ukweli nusu. Kivuli chake kilifika mapema, kikakaa mahali pa kitabu, na wengi wakadhani kwamba ndicho kitabu chenyewe.

Mwongozo si dhambi. Wengi wetu tumeutumia na wengine wetu tumeuandika. Tatizo ni kwamba mwongozo ndio aina ya maandishi inayoafikiana vyema kabisa na kiwambo kidogo na dakika za kuazima. Una vijisehemu. Unaweza kuingiliwa popote na kuachwa popote. Hauna taharuki, kwa hivyo haupotezi kitu simu inapodaiwa na mwenyewe. Riwaya ni kinyume. Kidagaa Kimemwozea imejengwa kwa mbinu rejeshi: tunakutana na Amani na Imani wakiwa safarini, na kilichowasukuma kutoka makwao tunakipata baadaye, kwa vipande, kila kipande kikibadilisha maana ya kile tulichokwisha kukisoma. Usomaji wa aina hii unahitaji kurudi nyuma. Msomaji wa karatasi huweka kidole kwenye ukurasa, akarudi kurasa thelathini nyuma, akathibitisha, akaendelea. Kidole hicho hakina mahali pa kukaa kwenye rununu. Atakayerudi nyuma kurasa thelathini kwa kusukuma kiwambo kwa kidole gumba, mara nyingi hapati tena njia ya kurejea alikotoka, na asiporejea anafungua mwongozo.

Hapa mwalimu anayesahihisha ataitambua athari moja. Swali la dondoo linamtaka mtahiniwa aeleze muktadha: msemaji ni nani, anamwambia nani, wako wapi, na kwa sababu gani. Alama nne. Mtahiniwa aliyeisoma riwaya kwenye karatasi hukumbuka dondoo kwa mahali pake. Atakuambia kwamba maneno hayo yalikuwa upande wa kushoto, chini, karibu na mwisho wa sura. Kumbukumbu hiyo ya jicho huonekana ya kitoto, lakini ndiyo inayombebea muktadha, kwa kuwa kilichotangulia na kilichofuata vimo katika picha hiyohiyo. Katika kitabu halisi cha kielektroniki, maandishi yakikuzwa ili yasomeke, kurasa hupangika upya. Ukurasa wa 40 wa leo si ukurasa wa 40 wa jana, wala si wa jirani. Mwalimu hawezi hata kusema darasani, “Fungueni ukurasa wa 40.” Kifaa kina uwezo wa kutafuta neno kwa sekunde moja, jambo ambalo karatasi haiwezi, na uwezo huo ni wa thamani kwa mtafiti anayehesabu takriri. Kwa mtahiniwa una hila. Humpa dondoo bila kumpitisha njiani, naye akaandika jina la msemaji kwa usahihi na kubahatisha sababu.

Kuna kinaya kingine ambacho hatuwezi kukinyamazia. Msomaji atakumbuka kwamba mojawapo ya migogoro ya Kidagaa ni wizi wa mswada. Amani ameandika, Mwalimu Majisifu anauchukua mswada wake na kuuchapisha kama wake. Riwaya inayosawiri kosa hili imesambazwa kwenye simu kwa picha zilizopigwa ukurasa baada ya ukurasa, mara nyingi bila jalada, bila jina la mchapishaji, na wakati mwingine bila jina la mwandishi. Walibora aliaga dunia Aprili 2020, katika miezi ileile ambayo mafaili hayo yalikuwa yakitumwa kwa kasi. Mwanafunzi anayeandika insha ya alama ishirini kuhusu unyang’anyi wa haki ya Amani huenda anaandika kutoka nakala ambayo mwandishi wake na mchapishaji wake hawakupata hata senti. Sisemi hivi ili kumlaumu mtoto wa Garsen. Duka la vitabu lililo karibu naye lenye akiba ya kutosha liko Malindi, na nauli ya kwenda na kurudi inashindana na bei ya riwaya yenyewe. Nasema kwa sababu mwalimu akiuliza swali hilo darasani, waziwazi, bila kumsaka mwenye faili, mjadala wa maudhui ya haki huamka kuliko kwa maelezo yoyote ya mwongozo.

Matini ya pili inatupeleka kwenye mlango wa mto. Fumo Liyongo ni mtu wa hapa. Ozi, Shaka na Kipini ndizo nchi zake katika simulizi. Kaburi lake huonyeshwa Kipini. Na masimulizi yake hayako kwa Waswahili wa pwani peke yao, yapo pia kwa Wapokomo. Wataalamu hawajaafikiana kuhusu karne alimoishi, na kwa mtahiniwa jambo hilo si la kumnyima usingizi. La kumshughulisha ni umbo. Utendi una mishororo minne katika kila ubeti, kila mshororo una mizani minane, mitatu ya kwanza hukubaliana kwa kina, na wa nne hubeba kina cha bahari kinachopita tungo nzima. Sasa tazama rununu. Upana wa kiwambo chake unaenea mshororo wa mizani minane bila kuukata. Ubeti mzima hukaa mbele ya jicho. Ukisukuma, unapata ubeti mwingine mzima. Wala hakuna haja ya nambari ya ukurasa, kwa kuwa beti huhesabiwa, na ubeti wa 40 ni ubeti wa 40 katika mswada, katika kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam mwaka 1973, na katika simu ya mama.

Ulinganisho na shairi la tarbia utalifanya jambo hili liwe wazi zaidi. Mshororo wa tarbia una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao. Rununu ndogo haiuenei. Huukata popote penye ukingo, si pale penye kituo, na kipande kilichobaki hushuka chini kama kwamba ni mshororo wa pili. Mwalimu atakuwa amekutana na mwanafunzi aliyehesabu mishororo minane katika ubeti wa minne, akaliita shairi jina lisilokuwa lake na kukosa vina vya kati kabisa. Wengi humwona mzembe, lakini macho yake hayakumdanganya, alihesabu alichoonyeshwa. Dawa ni ndogo: alaze simu, ili kiwambo kiwe kipana, kabla hajahesabu chochote. Yafaa kila mwalimu amwambie mwanafunzi hivyo kabla ya likizo.

Je, ni kwa bahati kwamba utendi unaafikiana na kiwambo? Sidhani. Utendi ulitungwa usikike, na kilichotungwa ili kisikike hugawanyika kwa pumzi, si kwa karatasi. Umeshahamishwa mara kadhaa. Ulitoka kinywani ukaingia katika mswada wa hati za Kiarabu, ambamo ubeti wote mara nyingi huandikwa katika mstari mmoja wenye alama za kutenga vipande. Ukatoka humo ukaingia katika chapa ya hati za Kirumi, ubeti ukapangwa kwa mishororo inayoteremka. Kila uhamisho ulichukua muda mrefu. Edward Steere alikuwa amekwisha kuchapisha kisa cha Liyongo katika Swahili Tales mwaka 1870. Hata hivyo, zaidi ya miaka hamsini baadaye, Kijumwa bado alikuwa akinakili tendi kwa mkono wake Lamu, na wataalamu kama Alice Werner na William Hichens bado walikuwa wakizihitaji nakala hizo. Hakuna aliyesema wakati huo kwamba watu wa Lamu wamechelewa kukipokea kitabu cha chapa. Mswada ulikuwa na kazi ambayo chapa haikuwa imeijua bado. Tunaposhangaa kwamba miaka kumi na kitu baada ya kisomeo cha kielektroniki kufika Kenya shule ya Garsen bado inanunua karatasi, yafaa tuukumbuke mwendo huo.

Na jinsi utendi unavyosomwa kwenye simu nako kunaonyesha jambo. Riwaya husomwa na mtu mmoja aliyeinama. Utendi, penye simu moja na vijana watano, husomwa kwa sauti na mmoja, wengine wakisikiliza, na mara wanamsahihisha anapokosea kina. Kitabu cha kielektroniki ambacho wataalamu walikibashiria kuwa cha msomaji wa faraghani kimerudishwa barazani kwa sababu tu simu ni moja. Kwa maoni yangu, huu ndio usomaji bora wa kielektroniki unaopatikana katika delta leo, na haugharimu chochote.

Lakini upo upande wenye hatari, na hapa naomba mwalimu awe mwangalifu. Katika utendi wa Kijumwa, Wagala wanakuja Pate kutafuta chakula, wanasikia sifa za Liyongo, wanamwona akiutua mkoba wake na kutoa humo vitu ambavyo watu kadhaa wasingevibeba, nao wanastaajabu hata wakatamani mbegu yake, na ndoa inafungwa. Pia wamo Wadahalo na Wasanye, wanaopangiwa kumuua kwa hila wakati wa kuangua makoma. Katika darasa la Garsen, majina haya hayasomwi kama majina ya zamani. “Wagala” ni jina ambalo Waoromo wenyewe wamelikataa kwa kuwa ni la kudunisha, na Waorma wa Tana ni wa jamii hiyo. Mwanafunzi wa Kiorma na mwanafunzi wa Kipokomo wameketi kwenye dawati moja. Wazazi wao wanayakumbuka mapigano ya 2001 na yale yaliyoanza Agosti 2012, ambapo katika kijiji cha Riketa peke yake waliuawa zaidi ya watu 50.

Mhariri wa kitabu kilichochapishwa huweka tanbihi chini ya ukurasa: jina hili lilitumiwa wakati ule, lilikuwa na maana hii, leo halitumiki. Beti zikinakiliwa na kutumwa kwa WhatsApp, tanbihi hubaki nyuma. Neno hufika likiwa uchi. Na kwa kuwa usomaji ni wa barazani, kwa sauti, hufika masikioni mwa watu watano kwa pamoja kabla ya yeyote kupata nafasi ya kulieleza. Sipendekezi beti hizo zirukwe. Zikirukwa tutakuwa tumeipoteza sehemu ambamo utendi wenyewe unakanusha chuki: shujaa wa pwani anatamaniwa na wafugaji, anaoa kwao, na damu inachanganyika. Mwongozo unaoniudhi zaidi ni ule unaoorodhesha “ukabila” kama maudhui kisha ukakitaja kisa hiki kama mfano, bila kuitaja ndoa. Ninachopendekeza ni kwamba anayetuma beti atume na maelezo yake katika ujumbe uleule, si katika ujumbe unaofuata, kwa sababu unaofuata hausambazwi.

Mambo mengi mazuri yaliyomo katika tungo hizi hayajafika kabisa kwenye simu za Garsen, ingawa yanaweza kufika. Miswada ya tendi iliyokusanywa na kina Taylor, Werner na Hichens imehifadhiwa London, katika maktaba ya SOAS, na katalogi yake pamoja na picha za baadhi ya kurasa zimewekwa kwenye mtandao. Nyingine zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nyimbo na mashairi yanayonasibishwa na Liyongo mwenyewe yalikusanywa na kuhaririwa upya mwaka 2004 na jopo ambalo Abdilatif Abdalla na Gudrun Miehe walikuwa miongoni mwake. Mtoto wa Kipini aliyezaliwa karibu na kaburi la shujaa huyu hana haja tena ya kwenda London ili auone mwandiko wa zamani. Anahitaji mwalimu wa kumwambia kwamba upo, na data ya kuipakua picha moja. Picha moja inatosha kwa kipindi kizima.

Walimu waliojaribu kutumia picha ya mswada darasani watakubaliana nami kwamba cheo cha darasa hupinduka. Mwanafunzi aliyepitia madrasa, ambaye huenda hupata alama za chini katika insha, ghafla ndiye msomaji, na mwalimu mwenyewe anamsubiri. Huikuza picha kwa vidole viwili, akasoma silabi kwa silabi. Mwenzake kutoka Ngao huandika ubaoni kwa hati za Kirumi. Hati za Kiarabu hazina herufi ya kila sauti ya Kiswahili: p mara nyingi huandikwa kwa herufi ya b, na irabu e na i huweza kuandikwa kwa alama moja. Kwa hivyo wakifika kwenye neno linaloweza kusomwa kwa njia mbili, hakuna mwongozo wa kufungua. Itabidi darasa lote lihesabu mizani, litazame kina cha mshororo uliotangulia, na kuamua ni neno lipi ambalo mtunzi alilikusudia.